Nta Aliyoikwangua Ayi Qiu

Chumba kilinuka nta iliyoyeyuka na maji ya rangi ya jinzi. Nta ilitoka kwenye pasi ya Ayi Qiu, na harufu ya maji ilipanda kutoka uani, ambako kiwanda kilichotupangisha ghorofa ya tatu pale Xintang, pembezoni mwa Guangzhou, kilifua suruali mpya mpaka zionekane zimevaliwa miaka miwili. Chini walichakaza vipya, juu sisi tulifufua vikuukuu, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Ilikuwa likizo ya kiangazi, mvua za Guangzhou zikinyesha mchana na kuacha joto la mvuke lililozitoa jasho hata kuta. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kwa kuwa nilisoma shule ya Wachina, Kichina changu kilitiririka, ilhali mama yangu alikuwa na maneno ya sokoni tu: laoban, yaani bosi, duoshao, yaani bei gani, na bu yao, yaani sitaki. Likihitajika neno la nne, niliitwa mimi.

Mama alinifundisha kushuku mapema kuliko alivyonifundisha kusuka. Alianzia biashara kwenye soko la mitumba Moshi, ambako mtu hufungua belo la gredi ya kwanza akakuta matambara katikati, na alikuja Uchina na macho yaleyale. Kule Shisanhang, soko la nguo za jumla, aligeuza kila blauzi kutazama mshono wa ndani. Mwenye duka akimkaribisha chai, alikunywa huku akijiuliza anasahaulishwa nini. “Kikulacho ki nguoni mwako,” aliniambia kila tulipotoka kwa mtu aliyetuchekea sana. Nami nikakua nikiamini kwamba tabasamu ni kifuniko, na kwamba mwenye akili hukifunua. Shuleni niliwakagua wenzangu kama afisa wa forodha anavyokagua mizigo. Sikuwa na marafiki wengi, na wala sikuona ajabu.

Mwaka ule mama alinunua skii kama anavyonunua belo, bila kuzifungua zote. Ukumbi mmoja wa kuteleza ulikuwa umefungwa huko kaskazini, na vifaa vyake vikaangukia kwenye ghala la jirani yetu. Kwa wasiozijua, skii ni mbao mbili nyembamba ndefu ambazo mtu huzifunga miguuni akateleza nazo juu ya theluji. Mimi mwenyewe theluji nilikuwa nimeiona kwa mbali tu, juu ya Kibo, asubuhi ambazo mawingu yanakubali kusogea. Mteja wetu alikuwa Bwana Daulet, Mkazakhi mwenye kambi ya wapanda milima, mtu wa maneno machache ambaye yeye na mama walielewana kwa Kiingereza cha kuungaunga. Alitaka skii zitakazotumika na ngozi za kupandia. Ngozi hizo ni mikanda mirefu ya manyoya yenye gundi upande mmoja; unaibandika chini ya skii wakati wa kupanda, na manyoya yanakubali kwenda mbele lakini yanakataa kurudi nyuma. Ukifika juu unaibandua, unaikunja, unateremka na skii tupu. Aliahidi kwamba oda ya kwanza ikienda vizuri, atachukua mzigo wote uliobaki, na mama alikuwa ameitegemea ahadi hiyo kwa kodi ya chumba na ada yangu ya shule.

Kazi ya kuziandaa alipewa Ayi Qiu. Ayi ndivyo watoto wa huko wanavyomwita mwanamke wa rika la mama yao, na yeye alitokea mikoa ya baridi kali, akiwa amefanya kazi kwenye vilima vya theluji kabla ya kumfuata mumewe Guangzhou. Alikuwa mnene kidogo, mpole, mwenye tabia ya kuniwekea nusu ya andazi lake la mvuke kwenye karatasi safi. Nililila andazi na kuendelea kumshuku. Aliilaza skii chali juu ya meza, akasafisha tumbo lake, yaani upande unaoteleza, akayeyushia kipande cha nta ya kijani kwenye pasi na kuidondosha matone matone, kisha akaipitisha pasi pole pole kutoka ncha hadi mkia. Akaiacha ipoe kabisa, hata kama mama alikuwa amesimama mlangoni akiguna. Halafu lilifuata jambo lililoninyima usingizi: alichukua kipande cha plastiki kigumu na kuikwangua nta yote aliyotoka kuipaka. Akasugua kwa brashi yake ya nyuzi za shaba, akafuta kwa kitambaa, akapitisha kiganja na kukitazama. Kiganja kikiwa na alama yoyote, alianza kukwangua upya.

Tumbo la skii likabaki jeusi lililofifia, kama halijaguswa na mtu. Makwangulio aliyafagia yote, akayatia kwenye mfuko na kuondoka nao jioni. Niambie wewe, ningeachaje kushuku? Mtu ananunuliwa nta, anaipaka mbele ya macho yetu, anaitoa, anaibeba kwenda kwake! Nilimweleza mama, naye akanituma niulize. Ayi Qiu akajibu kwamba nta hukaa ndani ya vinyweleo vya skii, siyo juu, na kwamba inayobaki juu inaua gundi ya ngozi. Makwangulio, akasema, hayatakiwi kulala chumba kimoja na ngozi zile zilizosubiri kufungwa pamoja na skii, maana yakidondokea gundi hayatoki. Nilimtafsiria mama neno kwa neno. Mama akasema, “Haya. Lakini mchunge.” Sikuhitaji kusisitiziwa, kwani tayari nilikuwa nimeamua kwamba yule mwanamke anatengeneza mishumaa kwake na kuiuza.

Jumamosi ya mwisho Ayi Qiu alimaliza jozi kumi za Bwana Daulet, akazisimamisha ukutani na kwenda zake. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tuzifunge. Mama alibaki chini akibishana na mtu wa kargo, nami nikapanda peke yangu na kuzitazama zile mbao zilizofifia. Nilimwonea mama huruma. Kila mtu aliyekulia kwenye mitumba anajua kwamba kiatu cha jana hakiendi sokoni kabla hakijapigwa kiwi. Mteja hanunui kiatu, ananunua mng’aro. Nami nilikuwa nimewahi kukaa chini ya meza ya mama Moshi nikisugua viatu vya watu nisiowajua mpaka nikajiona usoni mwavyo. Basi nikawasha pasi. Nikachagua nta ya njano, kwa sababu ilikuwa nzuri na laini na iliyeyuka upesi, nikazipaka zote kumi juu ya kazi ya Ayi Qiu, na badala ya kukwangua nikasugua kwa fulana ya zamani. Zikang’aa! Mama alipopanda, alisimama mlangoni akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya ovyo. “Leo ayi kafanya kazi,” alisema. Nilitaka kumwambia ni mimi, lakini nikaona niiweke sifa hiyo kwa siku nyingine, nimwaibishe mwizi wa nta vizuri zaidi.

Bwana Daulet alirudi theluji za kwanza zilipoanguka kwao. Alikuja na skii moja begani na ngozi moja mkononi, akaviweka mezani bila salamu. Gundi ya ngozi ilikuwa imejaa utando wa njano, na ukiibandika kwenye skii ilidondoka yenyewe. Alieleza kwamba wageni wake walikuwa wamepanda nusu ya mlima ngozi zilipoanza kubanduka, moja baada ya nyingine, na kwamba walishuka kwa miguu theluji ikiwafika kiunoni, upepo ukiwapiga. Mwanamke mmoja alipoteza ncha za vidole viwili vya mguu kwa baridi. Kisha akamtazama mama. Alitaka kujua ni mkono wa nani. Akimpata na kuambiwa hatagusa tena skii zake, angeendelea kununua. Akifichwa, basi, tusitafutane tena.

Mama alimwita Ayi Qiu, naye akaja akifuta mikono kwenye aproni. “Muulize kwa nini aliacha nta,” mama akaniambia. Niliuliza. Ayi Qiu aliinama juu ya ile ngozi, akaichuna kwa ukucha, akanusa, na hapo nikajua kwamba amejua. Hakupaza sauti. Alisema kwamba nta ile ya njano ni ya theluji ya siku za joto, na yeye haitumii kwenye skii za ngozi hata siku moja. Kwamba alizikwangua zote mpaka kiganja kikatoka safi. Kwamba mtu mwingine alipaka baada yake. Kisha akanitazama mimi, siyo mama. “Mimi pia nina mtoto,” alisema kwa Kichina. “Kama ni mtoto sitakasirika. Mwambie tu laoban kwamba haukuwa mkono wangu.” Wote wawili wakanigeukia, Mama na Bwana Daulet, wakisubiri. Niliviona vidole vya yule mwanamke, niliiona shule yangu, na niliuona uso wa mama siku ile alipotabasamu mlangoni.

“Anasema labda ni joto la hapa,” nilisema.

“Ndiyo hayo tu?”

“Ndiyo hayo tu, mama.”

Mama akamgeukia Bwana Daulet, akamwambia kwa Kiingereza kwamba kosa ni la huyu mfanyakazi na leo ndiyo mwisho wake. Hilo halikuhitaji tafsiri. Kidole chake kilitosha. Ayi Qiu alisubiri kidogo, nadhani akitegemea kwamba nitasema kitu. Nilitazama sakafu. Alichukua brashi yake ya shaba, maana ilikuwa yake, akateremka ngazi, na mzigo uliobaki wa skii tukauandaa na fundi mwingine, mwanamume ambaye niliogopa hata kumkaribia. Ada yangu ililipwa. Nilipata alama nzuri mwaka ule.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na mitano. Leo naishi palepale Guangzhou, nawatafsiria wafanyabiashara wetu wanaofikia mtaa wa Xiaobei, na nina sifa moja ambayo wengine wanailalamikia: natafsiri kila kitu. Mwenye kiwanda akikohoa katikati ya sentensi, karibu nikitafsiri kikohozi. Akimtukana mteja wangu, mteja wangu atayapata matusi yake kamili. Wakati ule neno lilikuwa mali yangu na nililigawa nilivyotaka. Siku hizi naliona ni la mwenyewe, na mimi ni mpagazi tu. Nimewahi kumtafuta Ayi Qiu. Namba yake haipatikani, na katika jengo la zamani hakuna anayemkumbuka.

Krismasi iliyopita nilikwenda Moshi, kama Wachaga wote, na nikamkuta mama jikoni akimenya ndizi. Amestaafu safari, magoti yanamsumbua. Nilikuwa nimejiandaa safari nzima ya ndege. Nikamweleza yote, pasi, nta ya njano, maneno ya Ayi Qiu hadi lile la mwisho kuhusu mtoto wake, huku nalia kama mtu aliyefiwa. Mama hakuacha kumenya.

“Nilijua,” alisema.

“Ulijua lini?”

“Siku ileile. Yule mama alisema maneno ya kujaza chumba, wewe ukanipa sentensi moja. Mimi ni mfanyabiashara, Manka. Najua mzigo uliopunguzwa njiani.”

Nilimuuliza kwa nini basi alimfukuza. Akaweka kisu chini, akanitazama kwa upole ambao ulinitisha kuliko hasira. “Mteja alitaka mtu,” alisema. “Nilikuwa na watu wawili, na mmoja nilikuwa nimemzaa.”

Nilidhani ningefarijika, lakini niliumia zaidi. Utoto wangu wote nilimshuku kila aliyenipa andazi, isipokuwa mwanamke huyu mmoja aliyenizaa. Nampenda mama, na ninajua alifanya vile kwa ajili yangu. Lakini siku hizi akinipigia simu kutoka Moshi na kuniuliza kama nimekula, huwa nachelewa kidogo kujibu, nikijiuliza ni kitu gani kingine anachokijua.