Kilio cha Mzee Wamalwa

Wamalwa alikuwa mtu wa machozi ya karibu, na kijiji kizima cha Ndalu kilijua. Msiba ukitokea, alianza kulia akiwa bado barabarani, hata wenye matanga wakimsikia walijua mwenzao amefika. Mkewe Nekoye alizoea kumtania: "Wewe mzee, hata kuku akifa utavaa suti." Na kweli, ng'ombe wake maksai, aliyemwita Ndovu, alipokufa kwa ugonjwa wa kupe, Wamalwa aligoma kula mpaka akabembelezwa kama mtoto.

Halafu ugonjwa ukamwingia kichwani. Daktari mmoja wa Kitale alimweleza Nekoye kwamba ubongo wa mzee unanyauka. Kusahau majina si kitu, alisema. Itafika siku hata huruma itamtoka. Nekoye aliona haya. Majirani aliwaambia ni presha tu. Wahenga walishasema mficha maradhi kilio humfichua, lakini ni nani hukumbuka methali akiwa na aibu?

Kilio chenyewe kikaja. Wekoye, mtoto wao wa pekee wa kiume, aligongwa na lori la mahindi huko Kitale akafa papo hapo. Mwili ulipoingia bomani, wanawake walijitupa chini wakagaagaa. Wamalwa alikuwa ameketi kando ya jeneza, anacheka. Alikuwa akiicheka kofia ya mhubiri. Kisha akauliza kwa sauti, "Nyama iko wapi? Hawa watu wote wamekuja bila nyama?"

Kwetu, baba asiyemlilia mwanawe haitwi mgonjwa. Ana jina lingine. Wangila, mdogo wake Wamalwa, alimvuta Nekoye nyuma ya jikoni.

"Mama Wekoye, hii ni nini? Mtoto amelala kwa sanduku, ati baba anacheka?"

"Ni mgonjwa, shemeji. Ni ubongo. Daktari alisema."

"Si ulituambia ni presha? Leo imekuwa ubongo?" Wangila aliwatupia jicho vijana waliokusanyika uani. "Sikiza. Hao wanasema ni yeye amemroga kijana wake. Asipolia kabla tuzike, mimi sitaweza kuwazuia."

Nekoye alizijua hasira za vijana hao. Ajuza mmoja wa ng'ambo ya mto alichomewa nyumba akiwa ndani, na kosa lake lilikuwa kuongea peke yake.

Akaenda akachuchumaa karibu na mumewe. "Mzee, Wekoye amekufa," akamwambia.

"Pole," Wamalwa akajibu, kana kwamba ameambiwa chumvi imeisha.

Vijana walikuwa wameanza kusogea. Nekoye akamwinamia sikioni, akanong'ona, "Ndovu amekufa."

Uso wa mzee ulibomoka. Aliachia yowe moja refu, akalikumbatia jeneza kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, akalia yale machozi yake ya zamani. Wanawake wakaitikia kwa vilio. Wangila mwenyewe alifuta macho, na vijana wakarudi nyuma wakainamisha vichwa. Nekoye naye aliona uchungu na hasira kwamba mwanawe aliyemzaa kwa taabu analiliwa machozi ya ng'ombe. Lakini macho yake yalibaki makavu, maana hakuthubutu kumwondolea mzee macho hata kidogo, asije akacheka tena.

Wageni walitawanyika, udongo wa kaburi ukakauka, na Wamalwa bado analia. Nekoye alijaribu kumwambia Ndovu amepona, yuko zizini anakula majani.

"Ndovu ni nani?" mzee aliuliza, machozi yakimtiririka.

Sababu ilikuwa imemtoka, uchungu ukabaki. Nekoye ndiye aliyeuingiza, na hakujua pa kuutolea. Mzee alilia akiogeshwa, akalia akilishwa uji, akazidi kukonda.

Juzi asubuhi alimshika mkono mkewe. "Mama, mimi nalia nini?"

Nekoye alikuwa amechoka kudanganya. "Unamlilia Wekoye. Mtoto wetu amekufa."

Mzee aliwaza kidogo. "Alikuwa mtoto mzuri?"

"Mzuri sana."

Wamalwa akauachia ule mkono. Akamkazia macho kama wale vijana walivyomkazia yeye siku ile.

"Sasa wewe mama yake," akasema, "mbona hulii?"