Kasida ya Baba na Mashine ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa vitu vipya. Kompyuta kuukuu aliyoinunua kwenye ofisi moja ya mjini ilikuwa hata haijazoeleka sebuleni kwetu Chang'ombe, tayari alishataka kuitia mfumo wa pili, ule wa picha na kipanya aliouona kazini. Mimi niliupenda wa zamani, wenye skrini nyeusi unayoiandikia amri moja moja. Tukakubaliana kisifutwe kitu: diski igawanywe, mfumo wangu ukae upande wake na wake upande wa pili.

Sababu ya kung'ang'ania nilikuwa nayo. Baba yangu aliishi nasi, macho yameshafunikwa na mtoto wa jicho, na kasida aliyoitunga nilikuwa nimemwandikia humo humo, yeye akisoma beti kutoka mkekani na mimi nikigonga. Kwenye karatasi haikuwapo, maana printa hatukuwa nayo. Alitaka kuisoma kwenye maulidi ya mtaa, na alishaanza kusema huenda yakawa maulidi yake ya mwisho. Maneno hayo niliyachukia sana.

Kwa hiyo kwanza nikainakili kwenye disketi, nikaiacha juu ya stuli. Baba aliposikia nilipoiweka, akaniuliza kama siku hizi jina la Mwenyezi Mungu linawekwa usawa wa miguu ya watu. Akaichukua mwenyewe, akapapasa mpaka akakipata kitu kirefu kuliko vyote sebuleni, akaiweka juu yake. Kilikuwa spika ya mume wangu. Mimi niliona heshima tu. Sumaku iliyomo ndani ya spika, inayoweza kufuta disketi, haikunipitia akilini.

Jumamosi mume wangu akaigawa diski, akaingiza mfumo wake. Mashine ikawaka kwa rangi nzuri kweli, lakini upande wangu haukuonekana. Akazima, akawasha, shati limemganda mgongoni. Nikaifuata disketi, nayo ikagoma kusomeka. Nilimsema mpaka jirani akapunguza redio. Yeye aliitazama disketi, akaitazama spika, akaweka kidole mdomoni ninyamaze.

Mume wangu ni mtu wa bara, na miaka yote hiyo baba hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwita bwana, kwa adabu, kama anavyoitwa mgeni. Sasa bwana huyo akaenda kuchuchumaa kando ya mkeka.

"Shikamoo, baba. Kasida yako imepotea. Nimeipoteza mie."

Baba aliupapasa ukingo wa mkeka. Mwisho akasema, "Mwambie mkeo avute kiti. Tuanze upya."

Tukaanza upya, safari hii kwenye upande wa picha na rangi. Beti nyingine zilirudi zilivyokuwa, nyingine zikaja na sura mpya, na nilipodhani tumemaliza akaniambia bado kuna mmoja. Niliugonga macho yamejaa machozi.

Wiki iliyofuata mume wangu akagundua kwamba upande wangu haukufutwa. Ulikuwa umefichwa tu, na mashine ilihitaji kuambiwa iamshe upande upi. Faili zangu zote zilikuwamo. Nikamsomea baba kasida zote mbili ili achague. Akasema ya zamani tuiache huko huko ilikolala, haina neno. Habari ya spika hakuambiwa kamwe.

Usiku wa maulidi aliisoma kwa kichwa, sauti yake nyembamba lakini haikukatika, mpaka akaufikia ule ubeti wa mwisho, akimwomba Mwenyezi Mungu:

Mkwe wangu, ya Karima,
mashine imemshinda,
mzidishie neema,
ni mwanangu, nampenda.

Watu walicheka, wakaitikia amina. Mume wangu, aliyekuwa ameinamisha uso, akaitikia baada yao, peke yake.