Meya Aliyekuwa Akifikiria

Neno lililonichosha mwaka ule ni "anafikiria". Meya wa jiji moja kubwa la kaskazini, mbali kabisa na Texas, alikuwa amekihama chama chake na sasa anafikiria kugombea urais bila chama chochote. Asubuhi naendesha gari kwenda kazini kwenye ghala la Mesquite, karibu na Dallas, redio inasema anafikiria. Jioni narudi, bado anafikiria. Kwetu Bujumbura mtu anayeutaka urais na hana chama hawatangazii watu kwamba anafikiria. Hufikiri kimya kimya, na mara nyingi hufikiri akiwa ameshavuka mpaka. Huyu alikuwa akipanda ndege na kufikiria hadharani, mji hadi mji, na kila alipotua kulikuwa na watu wa kumpikia.

Houston tulimpikia sisi.

Mimi nilikuwa nimeishi Alief, mtaa wa Houston, nikachoka, nikahamia Mesquite, nikachoka huko nako. Kila nilipopata mapumziko nilirudi Alief kwa saa kadhaa za barabara, kwa sababu huko kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa jirani yetu katika kambi ya wakimbizi Kigoma, ambaye namwita shangazi ingawa hatuna damu moja. Alikuwa akikunja mashuka katika hoteli. Nyumbani kwake nilikula ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na nikasikia Kiswahili cha Buyenzi, mtaa nilikozaliwa, kikizungumzwa bila haraka. Ndicho nilichokuwa nakifuata. Miji yote niliyokaa hapa haijanipa hicho.

Shangazi alikuwa na binti aliyebaki kambini. Walipoitwa kuondoka kuja Marekani, binti alikuwa ameolewa na faili lake likatengwa na la mama yake. Mume akamwacha, faili likaanza upya, miaka ikapita, hatimaye akaambiwa ajiandae kusafiri. Akafanya kama wanavyofanya wote wanaoondoka kambini: akawauzia majirani sufuria zake, godoro, jiko, hata ndoo. Kisha serikali ya huku ikabana mlango, na binti akaambiwa safari imesimama. Akabaki katika nyumba tupu, anaazima sufuria aliyoiuza mwenyewe ili apike ugali. Shangazi kila akishika sufuria yake alikuwa akilitaja hilo.

Basi tuliposikia kwamba meya anakuja kula na Waafrika katika ukumbi wa kanisa, shangazi aliniita.

"Baba, huyo mtu anataka urais?"

"Anafikiria, shangazi."

"Haidhuru. Nitamuuliza kitu kimoja tu. Akiwa mkubwa, atafungua mlango mwanangu aje? Wewe utanitafsiria."

Siku hiyo alivaa kitenge alichokuwa amekiweka kwa ajili ya kumpokea binti yake uwanja wa ndege. Alipika maharage na ndizi, akapika na ndagala. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, ambaye anafanya kazi katika ofisi kubwa Plano, upande wa Dallas, na alikuwa ameteremka kutoka huko na suti mbili ndani ya gari, alitupanga mstari kama watoto wa shule.

"Majibu mafupi, ndugu zangu," alisema. "Tume-confirm na watu wake. Mheshimiwa ana haraka."

"Na chakula je?" mama mmoja aliuliza.

"Atakula akipata nafasi."

"Nafasi ya kula inapatikanaje? Si ni mdomo tu?"

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka.

Meya alichelewa sana. Hakuna aliyegusa chakula, maana mgeni hajala. Watoto walilala juu ya viti, ndizi zikapoa, na sisi tukaendelea kumsubiri. Alipoingia alikuja na kamera zake, akapita kwenye mstari akishika mikono. Akafika kwa shangazi. Akainama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamuuliza kwa Kiingereza anaendeleaje.

Shangazi akajibu kwa Kiingereza alichofundishwa darasa la wageni: mzima, asante.

Kisha akavuta pumzi ili aanze.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu nimegombana na watu wengi juu ya jambo hili. Sisi hatumjibu mtu salamu kwa kumtajia shida. Nakumbuka asubuhi moja kule kambini, jirani alikuja kwetu, na mama yangu akamuuliza habari za asubuhi. Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Wazima. Akakaribishwa kigoda, akakaa, akakunja kanga magotini, ndipo akasema: ila mume wangu amefariki usiku. Mama yangu hakushangaa kwamba alianza na nzuri. Nzuri ni mlango. Unamfungulia mtu, anaingia, anakaa, halafu mnazungumza yaliyomleta. Anayekusalimia anajua hilo, kwa hiyo anasubiri.

Meya hakusubiri. Nilipofungua mdomo nitafsiri yanayofuata, mbele yangu palikuwa na mgongo wa koti la buluu. Alikuwa ameshafika kwa mtu wa tatu.

Ningeweza kumsamehe hilo. Lakini alipanda jukwaani, na katika hotuba yake ya vyama vinavyogombana na watu wa kawaida waliosahauliwa, akanyoosha mkono kuelekea kwetu. Akasema amezungumza na mama mmoja pale, mkimbizi, amemuuliza hali yake, na mama yule amemwambia yuko salama na anashukuru. Halalamiki! Hawa ndio watu wanaonipa nguvu ya kulifikiria jambo hili, akasema.

Ukumbi ukapiga makofi. Shangazi naye akapiga, kwa kuwa aliona amenyooshewa mkono.

"Amesemaje?" aliniuliza huku akitabasamu.

"Amesema wewe hujambo."

Makofi yake yakakatika. "Mimi? Si nilikuwa sijamaliza?"

Meya alipigwa picha akiwa ameshika sahani, akairudisha mezani kama ilivyo, akaondoka. Mpaka leo nikiikumbuka sahani ile mikono inaniwasha.

Nilimfuata mwenyekiti kwenye maegesho.

"Mwenyekiti, mama hajasema lake."

"Kaka, hiki si kikao cha malalamiko. Mheshimiwa ametutambua. Umesikia alivyomtaja?"

"Amemtaja kwa kumziba mdomo."

"Tatizo lako ndilo hilo, ndiyo maana hukai mahali. Leo Alief, kesho Mesquite, keshokutwa sijui wapi. Huwezi kujenga kitu."

"Na wewe umejenga nini hapa? Umejenga mstari."

Akafunga kioo cha gari. Lakini kabla hajakifunga alikuwa ameshajisifu kwamba kesho yake angempokea meya tena, Plano, ofisini kwao. Nikarudi ndani nikamwambia shangazi achukue koti.

Njiani kwenda Plano tulifanya mazoezi. Mimi nilikuwa meya.

"Habari yako, mama?"

"Nzuri."

"Shangazi!"

"Imenitoka, baba. Rudia."

"Habari yako, mama?"

"Nzuri, ila..."

"Ukisema nzuri tu amekwenda! Anza na mtoto."

Alitazama malori. "Mtu anakusalimia, wewe unamrushia shida usoni? Mama yangu angenipiga kofi."

"Huyu hakusalimii, shangazi. Anapita tu."

Nilikuwa namfokea mwanamke aliyelelewa vizuri ili afanane na watu wasiolelewa, na hasira yangu kwa yule meya ikazidi.

Plano hatukuruhusiwa kuingia. Tulisimama nje, kando ya nyasi zilizokatwa kama zulia, hadi alipotoka. Mwenyekiti alituona, akageuza uso kana kwamba hatujui. Meya alikitambua kitenge, au alijifanya. Akaja na tabasamu lake, akanyoosha mkono, akamuuliza anaendeleaje leo.

Shangazi alifunga mdomo. Niliona koo lake likiimeza ile salamu. Akaushika mkono wa meya, hakuuachia, akasema kwa Kiswahili: "Si nzuri. Mwanangu yuko kambini na mlango umefungwa. Ukiwa rais utamfungulia?"

Nikatafsiri, neno kwa neno, kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva wake.

Meya aliinamisha kichwa, akaonyesha huzuni, akasema hadithi kama hizi ndizo zinazomfanya afikirie kugombea. Msaidizi wake akamgusa kiwiko. Akaondoka.

"Amesemaje?"

"Amesema ndiyo maana anafikiria."

"Anafikiria kumleta?"

"Anafikiria kugombea."

"Sikumuuliza hilo," shangazi alisema, akaanza kutembea kuelekea gari.

Baada ya miezi kadhaa redio ilitangaza kwamba meya amemaliza kufikiria. Hatagombea. Amewasikiliza watu nchi nzima na ameona wakati haujafika. Mwenyekiti aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba huo ni uamuzi wa kiungwana. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikajitoa kwenye kundi.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Alief, shangazi anachagua ndagala mezani, nami nimejaa maneno ya kumweleza juu ya meya. Simu ikalia. Alikuwa binti, kutoka kambini. Shangazi akaweka spika, akaisimamisha simu kwenye bakuli la chumvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nyie hamjambo huko?"

"Hatujambo. Habari za hapo?"

"Nzuri."

"Majirani?"

"Wazima wote."

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia binti aseme hana sufuria, na mama aseme mtu tuliyemtegemea ameingia mitini. Shangazi aliniona, akaniinulia kiganja ninyamaze. Akapangusa mikono, akavuta kiti, akaketi karibu na simu.

"Haya," akasema taratibu. "Nimekaa. Nieleze."

Na binti akaanza.