Mama na Sahani ya Ndiga

Mama yangu alikataa kwanza kwa sababu ya palizi, halafu kwa sababu ya kuku. Nilipompigia tena akasema hana viatu vya kuingilia hotelini. Nikamwambia si hoteli, ni nyumba ya mtu hapa Kibaoni, Ifakara, ina meza nne barazani, na viatu avae vilevile anavyoendea kanisani. Akanyamaza. Mama akinyamaza kwenye simu ujue anatafuta sababu nyingine, nami sikumpa nafasi.

"Jumamosi pikipiki inakuja kukuchukua hapo Idete," nilisema. "Utalala kwangu, Jumapili tukitoka kanisani tunakwenda kula."

Nilikuwa nimeamua. Maisha yake yote mama alikuwa hajawahi kukaa mezani akaletewa chakula. Kwenye harusi yuko jikoni, msibani yuko jikoni. Hata nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza na ndugu wakaja kunipongeza, yeye ndiye aliyewasongea ugali. Nilitaka, angali na meno na macho yake, akae, aletewe, ale, na mtu mwingine aondoe sahani.

Mwenye mgahawa ule nilimfahamu kupitia cherehani yangu. Alikuja dukani kushonesha aproni na vitambaa vya meza, tukazoeana. Alikuwa amepika miaka mingi katika hoteli za watalii, akarudi Ifakara kumuuguza mzazi wake, na mzazi alipofariki hakuondoka tena. Akafungua mgahawa ambao haukuwa na chipsi wala kuku wa kukaanga. Kule hukuagiza. Uliletewa sahani ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, na kila kilichokuwemo kilitoka bondeni humu: samaki wa mtoni, uyoga, mboga zinazojiotea, mizizi na matunda ya porini. Siku nyingine alikuwa anaondoka alfajiri na akina mama wa Lumemo kwenda kuchuma, na alirudi na tope mpaka magotini.

Watu walimcheka. Nilisikia kwa masikio yangu, pale pale dukani kwangu, mteja mmoja akisema, "Ametoka mjini kuja kutuuzia mboga za njaa." Nilipomfikishia mpishi maneno yale, alikuwa anapima kitambaa na hata hakuinua kichwa.

"Waache wacheke," alisema. "Mimi nitapika kinachoota hapa mpaka wanizoee."

Basi Jumapili ile tukafika, mama amevaa gauni la kitenge nililomshonea na kilemba cha rangi ileile. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na baraza lilikuwa na ubaridi mzuri. Meza moja tu nyingine ilikuwa na watu, mume na mke wenye umri kama wangu. Mpishi akatoka na maji ya kunawa, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mama. Karibu. Leo usiinuke kwa lolote."

Mama akanitazama kama mtu aliyetegwa.

Kilianza kikombe kidogo cha udongo chenye supu ya kambale iliyotiwa ukwaju. Mama akanywa, akakifuta kikombe kwa kidole. Ukafuata mchunga kwa karanga. Ile ni mboga chungu, na wapishi wengi huichemsha mpaka inakuwa haina maana. Mama alitafuna taratibu. "Ameuacha uchungu," akaninong'oneza. "Vizuri. Mchunga usipokuwa mchungu ni nini sasa?" Ukaja uyoga juu ya kijiko cha wali, mama akala akafumba macho. Kisha maziwa mgando na majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa, ambayo Wasukuma huyaita nsansa. Mpishi akaeleza kwamba hayo ni ya upande wa mume wake, aliyekuja bondeni na ng'ombe wa baba yake.

"Ng'ombe wao waliwahi kula mahindi yangu," mama alisema, si kwa ugomvi. Akamaliza maziwa yote.

Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Mikono ya mama ilikuwa imetulia juu ya kitambaa nilichokishona mimi, haina kazi. Mara mbili nilimwona anataka kukusanya vyombo, akakumbuka, akairudisha mikono.

Ndipo ikaja sahani ya tano. Vipande vyembamba vyeupe, vimepangwa kama magamba, vimenyunyiziwa mafuta ya ufuta na chumvi. Mpishi aliiweka mezani kwa heshima, ikaonekana ndiyo aliyokuwa akiitegemea.

"Hii ni ndiga, mama. Nimeikatakata, imelala kwenye maji yanayokwenda ya mto Lumemo mpaka sumu yote ikatoka. Ndiyo..."

Mama aliisukuma sahani. Hakuisukuma kwa nguvu, aliitelezesha tu mpaka ikafika katikati ya meza, akaweka mikono mapajani.

"Hiyo sili," alisema.

Mpishi aliniangalia. Aliye bondeni anaijua ndiga. Ni kiazi cha porini ambacho ukikila bila kukiloweka kinakulewesha, na kinaweza kukuua. Huchimbwa mwaka ambao hakuna kingine. Nilijua kwamba tuliila nilipokuwa mdogo, mwaka ambao maji yalichukua mpunga wote wa Idete. Lakini mama hakuwahi kuuzungumzia mwaka huo, na sisi hatukuwahi kumuuliza.

"Mama, samahani sana," mpishi alisema. "Naiondoa sasa hivi."

"Iache. Hujakosea. Umepika chakula." Mama alivuta pumzi. "Mimi niliuambia mdomo wangu tu, siku tuliyovuna mpunga uliofuata. Niliuambia, hii basi."

Mpishi akavuta kiti akakaa nasi, aproni yake ikiwa bado na unga. Mama akamweleza yeye, si mimi. Labda ilikuwa rahisi zaidi kumwambia mgeni. Alisema baba alikuwa amekwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya miwa na habari zake hazikuwa zinafika. Alisema alichimba porini na mdogo wangu mgongoni. Aliloweka mtoni, na kwa kuwa watu walikuwa wanaibiana hata ndiga, alikaa pale pale ukingoni kuilinda.

"Nikishapika, nakula mimi kwanza," alisema. "Peke yangu. Halafu nakaa. Watoto wanalia, nakaa tu. Kivuli cha nyumba kikisogea na mimi kichwa hakizunguki, ndipo nawapa."

Hilo nilikuwa nalikumbuka. Katika mwaka ule wote ndicho kitu pekee nilichokuwa nakikumbuka vizuri: mama anakula, sisi tumekaa mlangoni tunamtazama. Nimekua na picha hiyo kichwani. Sikuwahi kumchukia kwa ajili yake, lakini kila nikikumbuka kulikuwa na kitu kama mwiba. Nikiwa mama mimi mwenyewe nilijiuliza njaa iliyomfanya ale mbele ya wanawe bila kuwapa ilikuwa njaa ya namna gani.

"Mama," nilisema, "mimi nilidhani ulikuwa na njaa."

"Njaa nilikuwa nayo," alijibu. "Lakini nilikuwa nakula kipande kimoja tu."

Niliitazama ile sahani katikati ya meza.

Nikavuta sahani upande wangu. Sikufanya hivyo kwa kumpinga mama. Niliona tu kwamba siwezi kuondoka pale bila kuila, kwa kuwa kitu kile kilinifikisha hapa nilipo na ladha yake sikuijua tena. Nikachukua kipande. Kabla hakijafika mdomoni, mkono wa mama ukanikamata kifundo cha mkono. Ana mkono mgumu mama yangu.

"Subiri," alisema.

"Mama, huyu ni mpishi. Anajua kazi yake."

"Najua anajua. Subiri."

Akachukua kipande kile mkononi mwangu. Akakitazama, akakinusa, akakitia mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu huku ameangalia barabarani, ambako bajaji ilikuwa inakwepa dimbwi. Akameza. Kisha akakaa. Nilidhani mpishi angechukia, mtu kupimiwa chakula chake mbele ya wateja. Lakini yeye alikunja mikono akakaa vilevile, akingoja kama sisi. Mafuta ya ufuta yakapoa kwenye sahani. Mume wa mpishi alichungulia kutoka jikoni kuuliza kama atoe inayofuata, mke wake akamwashiria kwa kiganja: bado.

Ilikuwa kitambo kabla mama hajageuka.

"Kula sasa," aliniambia.

Nikala. Ndiga ni laini kuliko muhogo na haina utamu wa kiazi. Ladha yake ni ndogo, ukitafuna haraka hutaipata. Nilitafuna polepole, nikala vyote, na machozi yalipokuja sikuyaficha. Mama alinipa pembe ya kilemba chake nijifute, akamwambia mpishi, "Chumvi ongeza kidogo."

Tulipomaliza kwa asali ya nyuki wadogo na zambarau, mpishi alirudi akasema ameamua kuiondoa ndiga kwenye mgahawa. Hakutaka mtu mwingine akumbushwe mabaya mezani kwake.

"Usiondoe," mama alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ile ya kutuamsha twende shamba. "Wanaocheka waambie ndiyo iliyowalea mama zao. Ila mwambie mtu ni nini kabla hujamwekea."

"Basi mama, uje unifundishe mnavyoichimba huko Idete."

"Kuchimba nimemaliza," mama alisema. "Nitakuja kula."

Na anakuja. Mpishi yule anaendelea, na meza zimekuwa sita. Wanaocheka wapo bado, ila baadhi yao nimewaona wamekaa pale Jumapili, wanakula mchunga kimya kimya. Ndiga anaiweka majira yake yakifika, na kabla hajaishusha mezani anasema ni nini na huliwa mwaka gani. Mama hajaionja tena. Ikija, anaisogeza upande wangu bila neno, halafu anauliza kama jikoni kumebaki uyoga.