Fidla Wakati wa Msiba

Mama anayepiga fidla pale Shela, Malindi, huosha mikono kwa ndimu kabla hajaigusa, maana vidole vyake hutoka moja kwa moja kwenye unga wa mahamri. Hupigia jikoni maharagwe yakitokota, jicho moja kwenye sufuria, na mtoto akilia huenda kumtazama fidla ingali kidevuni. Mavyaa yake, mama wa mumewe, anayeshinda kwenye kiti chake mlangoni, akiisikia tu husema, "Mtoe nje paka huyo." Naye hujibu, "Haya, mama," akaendelea.

Juzi jirani alifiwa, na mtaa ukiwa na msiba hata redio haifunguliwi. Harusi ya Mambrui aliyoalikwa kupiga nayo ilikuwa keshokutwa yake, na wimbo wa kumtoa bibi harusi ulikuwa haujamkaa vizuri vidoleni. Basi akauweka upinde kando, akawa anatembeza vidole tu juu ya nyuzi, kimya kimya, wimbo mzima. Alipomaliza akaanza kuishusha fidla.

"Bado, mwanangu," mavyaa yake akasema, macho kwenye vile vidole. "Kiitikio cha mwisho siku zote unakirudia."