Povu la Mkunazi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani yangu wala binamu wa jirani yangu. Natanguliza hilo kwa sababu naijua tabia yangu. Mimi ni mtu wa kufunga mlango, nikafika njia panda, nikarudi kuhakikisha kama niliufunga. Mtu wa namna hiyo hakubali jambo kirahisi. Nimekaa na kisa hiki miaka mingi nikikipekua kama ninavyopekua bomba, nikitafuta mahali kinapovuja. Sijapaona. Ukipaona wewe niambie, nami nitakushukuru, maana huenda nikalala.

Mwingereza alikuwa angali anatawala. Nilikuwa ndiyo kwanza nimehitimu shule ya ufundi, kijana wa kusini niliyelelewa misheni, nimepanga chumba Temeke, na bado naangaliwa kazini kama nitafaa. Nikikosea nyumba moja tu, nilijiambia, nitarudishwa kwetu na cheti changu mkononi. Hilo nilikuwa nikiliwaza hata nikila.

Basi nikatumwa Kinondoni, ambayo wakati huo ilikuwa minazi na mikorosho kuliko nyumba. Huko palikuwa na nyumba ya zamani ya mjane aitwaye Bi. Mwanaidi. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa kwanza katika mtaa ule kuvuta bomba la maji hadi uani, na alijivunia sana. Sasa maji yalikuwa yakitoka kama uzi. Bwana Afya alikuwa amepita akaona choo hakina maji ya kutosha kwa wapangaji wote, akasema atarudi kesho yake asubuhi. Akikuta hali ni ileile, atautia mlango alama ya chaki, na nyumba ifungwe. Bi. Mwanaidi hakuwa na mtoto wala kwingine pa kwenda.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe fundi? Mbona mdogo hivi?"

Kabla sijajibu, mpangaji mmoja, Mama Asha, aliyekuwa anachekecha unga barazani, akadakia. "Mwache, mama, mdogo ndiye atakayeingia ndani ya bomba! Fundi, njoo uuone mfereji wetu. Maji yanatoka kama chozi la mke mwenza msibani. Unakamua, unakamua, halidondoki!"

Wanawake wakacheka. Bi. Mwanaidi hakucheka. Nililiona hilo, nikadhani ni uzee.

Nikaanza kazi kwa utaratibu niliofundishwa. Kwanza nikaenda kwa jirani nikafungua mfereji wake: maji tele. Kwa hiyo ubaya haukuwa barabarani. Pili nikaikagua koki iliyo karibu na mita, maana mara nyingi mtu huifunga nusu akasahau. Ilikuwa wazi kabisa. Tatu nikafungua kipande cha bomba la uani. Mabomba ya chuma ya zamani huota kutu ndani, kutu ikajaa mpaka tundu la kupitisha kidole likabaki la kupitisha njiti. Nikakuta kutu, nikatia kipande kipya. Maji yakatoka kwa nguvu, Mama Asha akaanza kupiga kigelegele, kisha yakalegea tena kabla kigelegele hakijaisha.

Hapo likabaki jambo moja: bomba linavuja mahali. Nikawaomba wafunge mifereji yote, nikachuchumaa penye mita. Sasa nisikilize vizuri. Bomba linalovuja huizungusha mita polepole, mfululizo, bila kupumzika. Tundu halina akili, halichoki. Lakini mita ile ilizunguka, ikasimama. Ikazunguka, ikasimama. Kama mtu anayechota, anamimina, anachota tena.

Nikaulizia kama kuna aliyefungua maji. Hakuna. Nikauliza tena. Mama Asha akasema, "Fundi, utatuuliza mpaka tukiri hata yasiyo yetu."

Ilikuwa jua la utosi. Watu wa pwani watakwambia kuwa saa hiyo si ya kuzurura, ina wenyewe. Mimi, mtoto wa misheni, nilikuwa nikiwacheka. Wapangaji wakaingia ndani kukwepa joto, Bi. Mwanaidi akaingia chumbani kuswali adhuhuri. Nikabaki uani peke yangu, nikachukua bisibisi, nikaweka ncha yake kwenye bomba na mpini sikioni. Ndivyo tunavyosikiliza mvujo. Maji yanayovuja husema "sssss."

Sikusikia hivyo. Nilisikia kata ikizama kwenye maji, ikiinuliwa, ikimimina juu ya kitu. Kisha kimya. Kisha kata tena.

Nikaifuata sauti hatua kwa hatua, hadi kwenye chumba cha mwisho cha uani, ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kamba tu. Nilipotega sikio kwenye ukuta, sikuhitaji bisibisi tena. Ungefanya nini wewe? Mimi nilifikiri mengi sana, na katika kufikiri mengi nikasahau dogo. Nikafungua kamba, nikasukuma mlango bila kubisha.

Alikuwako mwanamke ndani, amekalia kibao, amenipa mgongo, amejifunga kaniki kuukuu. Nywele na mabega yake yalikuwa yamejaa povu. Anaoga! Nikageuza uso haraka, tayari nikimwona bwana mkubwa wangu akiambiwa kuwa kijana wake huchungulia wanawake.

"Samahani, mama. Sikujua kuna mtu."

"Hukupiga hodi."

"Hodi," nikasema, kama mpumbavu.

"Karibu. Haya, nimalizie."

"Nikumalizie nini, mama?"

"Povu hili. Linaniwasha. Mwenzangu kaniambia nimngoje, anakwenda kuchota. Amekawia."

Sauti yake haikutisha, nakwambia kweli. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kungoja na ambaye bado ana adabu. Alininyooshea kata kwa nyuma. Mimi, nimeangalia ukutani, nikapeleka mkono kuipokea. Vidole vyake vikagusa vyangu, vya baridi, vinateleza. Nikashika hewa.

Nikatazama. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na kibao, kata wala ndoo. Sakafu ya udongo ilikuwa kavu kama jivu, na katikati palikuwa na mahali palipochimbwa zamani pakafukiwa, parefu kidogo, kama kimfereji. Kutoka ukutani kilitokeza kipande cha bomba kilichoishia pale. Na kiganja changu kilikuwa kimejaa povu, lakini si povu la sabuni ninalolijua mimi. Lilikuwa la kijani, lina harufu ya majani.

Nilitoka mbio. Nikajiambia: jua. Nikajiambia: njaa. Kisha nikafanya kile ambacho msomi hufanya akiogopa, nikarudi kwenye kazi. Nje ya ukuta wa chumba kile nikafukua, nikaona bomba linagawanyika, tawi moja linaingia ndani. Nikalikata tawi nikalitia kizibo, nikakikaza kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikanitoka.

Maji yakaja! Mifereji yote ilifoka, ndoo zikajaa, Mama Asha akapiga kigelegele akakimaliza. Bi. Mwanaidi akaniombea dua. Nami nikaenda kunawa.

Povu halikutoka. Nilimimina maji, nikasugua kwa mchanga, nikafuta kwa tambara, likarudi. Nilipofika Temeke lilikuwa limepanda hadi kiwiko, na likawasha kweli, kama alivyosema. Nilioga, nikaoga tena, mwenye nyumba akagonga ukuta akisema, "Wewe, unamwosha nani humo?" Ndugu zangu, neno lile ndilo lililoninyima usingizi.

Alfajiri nilikuwa Kinondoni. Bi. Mwanaidi alikuwa anafagia. Nilikusudia kueleza kwa mpangilio, lakini maneno yakanitoka ovyo. "Mama, katika chumba kile kuna mtu anauliza mwenzake aliyekwenda kuchota."

Ufagio ukasimama. Akaushika mkono wangu, akaunusa.

"Mkunazi," akasema, akakaa chini palepale.

Mimi nilikuwa sijui. Kwao, maiti huoshwa kwanza kwa majani ya mkunazi yaliyopondwa, yanatoa povu, halafu huja maji ya mwisho yaliyotiwa karafuu maiti. Akanieleza taratibu, macho yakiwa kwenye mlango ule. Mke mkubwa wa mumewe aliitwa Bi. Saada. Alifariki mwaka uleule bomba lilipoingia. Desturi ni kujaza mapipa kabla ya kumgusa maiti, lakini mume alikataa, akaona ni aibu mwenye bomba kukopa mapipa kwa majirani. Kisima alikuwa ameshakifukia kwa fahari. Akaunganisha tawi hadi chumba cha kuoshea, juu ya kimfereji kilichochimbwa kupokea maji ya maiti, ili waoshaji wasibebe hata ndoo. Na katikati ya kazi, maji yakakatika.

"Mie ndiye niliyekuwa mdogo, nikatumwa kwa jirani na ndoo," akasema. "Nikamwinamia mwenzangu nikamwambia ningoje, nakwenda kuchota. Ndiyo ada, maiti husemeshwa. Nikafika kwa jirani, nikajaza ndoo kisimani kwake. Kisha nikakaa juu ya jiwe."

"Ulichoka, mama?"

"Sikuchoka, mwanangu. Nilikaa kusudi. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akinituma maji. Nikasema, leo na angoje yeye. Niliporudi wanaume walikuwa wamechachamaa, jua linakuchwa. Waoshaji wamempangusa povu kwa kitambaa, wamemvika sanda, wanaume wanatoka naye. Nikaimwaga ile ndoo uani. Sikumwambia mtu."

Nikatazama mkono wangu. Nikamwambia kwamba mwenzake anangoja maji ya tawi lile nililoliziba, lakini nikikiondoa kizibo, mifereji yote itakauka, na Bwana Afya yuko njiani. Hiyo ilikuwa nyumba yake. Ilikuwa kazi yangu pia, sitaki kujifanya nilisahau.

"Kiondoe," akasema.

Nikakiondoa, nikaunganisha tawi upya. Maji ya uani yakafa. Bi. Mwanaidi akachukua ndoo, kata, na kifuko cha karafuu maiti aliyokuwa amejiwekea mwenyewe kwa ajili ya siku yake. Mlangoni akapiga hodi. Sikusikia jibu, lakini yeye aliingia kama aliyejibiwa.

Bwana Afya hakuchelewa. Aliingia na kaptula yake iliyopigwa pasi, akafungua mfereji. Hata tone. Akafungua wa pili. "Jana ulitumwa hapa kufanya nini?" akaniuliza.

"Ngoja kidogo, bwana. Maji yana mtu."

"Yana nani?"

"Yanatumika," nikasema. Akatoa chaki mfukoni.

Nikaenda kuchuchumaa penye mita, sikuwa na pengine pa kwenda. Ilikuwa inazunguka, inasimama. Nyuma yangu Mama Asha alikuwa akimsihi Bwana Afya, "Baba, onja kwanza uji wangu, chaki haikimbii!" Nyayo za Bwana Afya zikaelekea mlangoni. Mita ikazunguka mara moja ndefu, kama mtu anayemimina ndoo nzima, ikasimama. Nikasubiri. Haikuzunguka tena. Uani pakanukia karafuu maiti.

Mfereji aliouacha wazi Bwana Afya ukakohoa, ukatema kutu, ukafoka. Yeye, kabla ya kuutia mlango alama, alikuwa amerudi kuchukua kofia yake aliyoitua kando ya mfereji, maji yakamlowanisha kaptula mpaka soksi, na chaki ikayeyukia mkononi. Mama Asha alicheka mpaka akashika ukuta. Nyumba haikufungwa.

Bi. Mwanaidi akatoka, amelowa kichwa hadi miguu, na nyuma yake sakafu ya chumba ilikuwa imelowa pia. Nikamuuliza kama alimwona. Akasema tu, "Mgongo wake ni uleule." Nami nilipotazama mkono wangu ulikuwa mkavu na safi.

Sikulitia tena kizibo tawi lile. Nilirudi mara nyingi kuikagua mita, mifereji ikiwa imefungwa, na haikusogea. Bi. Mwanaidi aliweka pipa kubwa chumbani mwake, limejaa, na kila nilipopita alinionyesha kwanza pipa ndipo anikaribishe. Siku alipofariki, nilisimama uani na wanaume nikawasikia waoshaji wakichota humo. Halikupungua upesi.

Mimi kazi nimeiendeleza, lakini sijapona. Siwezi kujipaka sabuni kabla sijaiona ndoo iliyojaa mbele yangu. Na kabla ya kuweka sikio kwenye bomba lolote, hupiga hodi, watu wakicheka na wacheke.

Kwa hiyo, wewe mwenye nyumba ya zamani ambayo maji yake yamelegea, tazama kwa jirani, tazama koki, tazama kutu. Kisha funga mifereji yote uiangalie mita. Ikizunguka mfululizo, mwite fundi. Ikizunguka ikasimama, usikimbilie kizibo. Ulizia ni nani aliyeoshwa humo, na kama alisuuzwa. Na siku ukimwambia mtu, aliye hai au asiyekuwa hai, "Ningoje, nakwenda kuchota," usikae juu ya jiwe. Chota urudi.