Bi Pazia na Sauti ya Tano

Bi Pazia hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wateja, kwa sababu tangu usichana wake alishona mapazia tu. Ukimpelekea gauni alikuambia mwili wa mtu una hila nyingi, lakini dirisha halinenepi. Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, cherehani ikitazama ukuta, marobota ya vitambaa yamesimama pembeni kama wageni ambao hawajaambiwa wakae. Chumba cha nyuma alilala yeye. Cha kati kilikuwa cha mdogo wake.

Huyo mdogo wake alikuwa kitinda mimba, na watu wakafupisha wakamwita Kitinda. Mama yao alifariki mtoto hajaanza kutembea vizuri, baba naye hakukawia, kwa hiyo dada ndiye aliyemlea na kumsomesha. Daktari alikuwa ameonya mapema kwamba moyo wa mtoto una kasoro, asikimbizwe wala asibebeshwe mizigo. Ndiyo maana alipokua, dada yake akamtafutia kazi isiyo na mizigo, akampeleka kwa kinyozi.

Kinyozi mwenyewe hakuwa na unywele hata mmoja kichwani, na wote, hata mkewe, walimwita Kipara. Alimpokea kijana, akamfundisha, na kwa ukarimu huo akajipatia adhabu ya kusikiliza muziki wa Kikorea kutwa nzima. Kitinda alikuwa amelipenda kundi la vijana watano. Jina lao halikutamkika kwa urahisi, basi pale dukani wakawa wale Watano. Wateja walinung'unika kwamba wamekuja kunyolewa, si kufundishwa lugha. Kipara aliwajibu kwamba ukiona kinyozi anacheza huku ameshika wembe, linda shingo yako na unyamaze. Lakini spika hakuizima.

Katika sauti tano zile Kitinda alifuata moja tu, ile nzito inayopita chini ya nyingine zote. Aliiimba akiwa amefumba mdomo, puani, hata kichwa cha mteja kilisikia mtetemo kupitia vidole vyake. Nyumbani pia ilikuwa hivyo hivyo. Dada anashona huku, kule chumba cha kati unavuma mvumo.

Asubuhi moja, kati ya mteja na mteja, Kitinda aliketi kwenye kiti cha kunyolea akasema amechoka kidogo. Hakuinuka tena.

Baada ya maziko Kipara alileta vitu vyake nyumbani: aproni, spika na simu. Bi Pazia aliviweka kwenye kabati la chumba cha kati akafunga mlango. Alishona miezi kadhaa kwenye ukimya. Ukimya huo ukawa mzito mpaka akaanza kuongea na mkasi. Siku moja akachukua simu na spika, akatafuta nyimbo za Watano, akazipiga kwa mpangilio zilivyotoka, kuanzia ya kwanza kabisa. Alimwambia jirani kwamba miaka yote alikuwa akimsikia mdogo wake akisikiliza, lakini hajawahi kusikiliza alichokuwa akisikiliza.

Albamu ya kwanza ilimkera. Vijana walikimbizana, huyu hajamaliza neno yule amedakia, ngoma za kompyuta zikigonga kama mtu aliyebanwa anayegonga mlango wa choo. Sauti nzito ilipewa maneno machache tu katikati, kama mtoto aliyepewa kushika mkoba. Akaendelea kwa ukaidi. Albamu ya pili walikuwa wamejifunza kunyamaza kidogo. Wimbo ulianza taratibu, ukachelewa kulipuka, na mwingine haukulipuka kabisa, ukaisha tu ukakuacha umeinua mguu. Hapo Bi Pazia alianza kurudia.

Ya tatu ndiyo iliyomnasa. Ngoma karibu zote zilikuwa zimeondolewa, kimebaki kinanda, gitaa la besi na pumzi za watu. Sauti nzito sasa ilitangulia, wengine wakaja juu yake. Bi Pazia aliilinganisha na bitana: mgeni akiingia chumbani husifu kitambaa cha mbele, lakini fundi anajua pazia linaanguka vizuri kwa sababu ya kile kilichoshonewa nyuma. Akawa hawezi kushona bila Watano. Aliwajua mmoja mmoja kwa kuvuta pumzi kwao, hajui hata neno moja la wanachosema.

Mambo yakaanza hapo. Mchana, spika ikiwa imezimwa, alisikia chini ya mlio wa cherehani kuna mvumo. Akiondoa mguu kwenye pedali, unakatika. Akianza tena, unarudi, umetulia, unatoka upande wa chumba cha kati. Alifungua mlango akakuta kitanda, godoro lililokunjwa na vumbi kidogo kwenye dirisha. Hakuogopa kama mtu anavyoogopa mwizi. Alichoogopa ni siku atakaposhona asiusikie.

Shangazi yao alikuja kukaa naye wiki nzima. Alipoona simu ile haitoki mezani, alimkanya kwa upole kwamba marehemu hulala akiachwa alale, kwamba zile nyimbo ni kama kumtingisha bega kila siku, na afadhali azifute. Bi Pazia aliitikia kwa mdomo. Siku ya pili alasiri, shangazi akiwa anachambua mchele, cherehani ikiwa inakwenda, aliinua uso akauliza nani yuko chumba cha kati.

"Hakuna mtu, shangazi," akajibiwa.

Shangazi alirudi kwenye mchele wake. Kesho yake alikumbuka kwamba kuku wake hawana mtu wa kuwaangalia, akaondoka.

Albamu ya nne ilikuwa imetoka baada ya Kitinda kufariki. Bi Pazia aliiona kwenye simu, picha yake imekaa pale ikisubiri, lakini hakuigusa. Nyuma ya hapo kila wimbo ulikuwa umepita kwanza kwenye masikio ya mdogo wake. Mbele ya hapo hakukuwa na alama yake hata moja. Alizunguka ndani ya zile tatu kama mtu anayeogopa kutoka uani. Mwishowe akafunga kazi asubuhi moja, akabeba simu na spika, akaenda dukani kwa Kipara kabla wateja hawajaanza kuja, akamweleza.

Kipara alikuwa anasafisha mashine za kunyolea. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia jambo ambalo Bi Pazia hakulijua: yule mwenye sauti nzito alikuwa amejitoa kwenye kundi. Ilitangazwa siku chache kabla ya msiba. Kitinda alikuwa amehuzunika, kutwa anajibishana na wateja wasiojua hata anazungumzia nini, kama kundi litafute mwingine au libaki hivyo.

"Yeye alitaka nini?" Bi Pazia akauliza.

"Alitaka wasimweke mtu. Alisema pengo ni la mwenyewe, halitiwi kiraka."

Bi Pazia akaketi kwenye benchi la wateja, Kipara amesimama na kitambaa chake, wakaifungulia albamu ya nne. Zilikuwa sauti nne. Na kweli, hawakuweka mtu. Kila mahali ambapo yule mzito angeingia, walinyamaza wakaacha gitaa la besi litembee peke yake, wazi, kama chumba kilichohamwa. Wimbo wa kwanza ukapita hivyo. Kwenye wa pili, pengo lilipofika, Bi Pazia alisikia limejaa. Sauti ilikuwa chini, puani, imefumbwa mdomo, inashika kila pindo la wimbo pale pale inapotakiwa. Akageuka taratibu.

Alikuwa Kipara. Alikuwa ameinamia mashine, anafuta, anavuma.

"Unaimba sauti yake," Bi Pazia akamwambia.

Kipara akaacha kuvuma. Aliweka mashine chini, akasema polepole, "Wimbo huu mimi siujui, dada. Ndiyo kwanza nausikia leo."

Mteja wa kwanza alipoingia aliwakuta wamekaa kimya wote wawili, akadhani kuna msiba mpya.

Baadaye Kipara alijaribu kueleza. Alisema mtu akisikiliza sauti moja miaka mingi, hata kwa kulazimishwa, anaizoea njia yake na kujua itakakopita, kama unavyojua mtu wa nyumbani ataketi kiti gani. Bi Pazia alisema huenda. Lakini tangu siku ile Kipara hakuvuma tena akiwa peke yake dukani, na alipohisi koo linataka kuanza, aliwasha redio ya habari.

Mwaka uliofuata Watano, ambao sasa walikuwa wanne lakini jina halikubadilika, walitoa albamu ya tano. Walikuwa wamechangamka tena, vinanda vimeng'aa, na mapengo yalikuwa yamefungwa. Yule aliyekuwa na sauti ya juu kuliko wote alikuwa ameshuka, akazoea, akawa anaimba chini. Kipara aliipenda sana, akasema hatimaye wanapumua. Bi Pazia haikumpendeza. Alisema wamepona haraka mno. Walibishana pale dukani kama mashabiki kweli, mpaka mteja mmoja mwenye povu shavuni akaomba anyolewe kwanza.

Njiani kurudi nyumbani likamjia: Kitinda angesema nini? Angeona kiraka, au angeona kupona? Alitafuta jibu hakulipata. Mdogo wake aliyemjua mpaka namna anavyokohoa, hapa alikuwa hamjui. Na yeye mwenyewe alikuwa ameamua tayari, ameshabisha na sauti ameipandisha, bila kumngoja.

Alifungua chumba cha kati akaondoa vumbi dirishani. Kilikuwa na mwanga kuliko cha mbele. Akavuta cherehani mpaka ndani, akaketi, akapiga ile albamu asiyoipenda mwanzo mpaka mwisho huku akishona. Nyimbo zilipokwisha aliendelea kukanyaga pedali, kichwa ameinamisha, anasikiliza chini ya mlio. Palikuwa na mlio wa cherehani tu.

Hata leo anashonea chumba hicho. Kila Watano wanapotoa wimbo mpya huusikiliza mara ya kwanza peke yake, mlango wazi, na ukifika mwisho hukaa kidogo, kama anayemngoja mtu atangulie, kabla ya kusema kama ni mzuri au mbaya.